Gari Likigoma Kuwaka, Betri Ipimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Katika Kiswahili cha gereji, kauli "betri imeisha" hubeba mambo matatu yasiyofanana. Huweza kumaanisha kwamba betri isiyo na kasoro imeishiwa chaji kwa sababu taa ziliachwa zikiwaka usiku kucha. Huweza kumaanisha kwamba betri imezeeka kiasi cha kutotunza chaji hata ikichajiwa mchana kutwa. Na huweza kumaanisha kwamba betri haina neno lolote ila gari lenyewe haliichaji. Hali ya kwanza hutibiwa kwa chaja, ya pili kwa kununua betri nyingine, na ya tatu kwa spana, mara nyingine kwa brashi ya waya tu. Mwenye gari asiyezitenganisha hulipa gharama ya hali ya pili kila zinapotokea zile mbili nyingine, na mimi ni mmoja wa waliowahi kulipa.

Gari langu dogo la Kijapani, lililoingia nchini likiwa limeshatumika, lilianza kusuasua asubuhi. Stata, ile mota ya kuwashia injini, ilizunguka kwa uzito kama mtu anayepandisha mkokoteni mlimani, taa za dashibodi zikafifia, kisha injini ikakubali kwa shingo upande. Fundi wa jirani alifungua boneti, akaitazama betri, akauliza ina muda gani. Nilipojibu miaka miwili na nusu, alisema, "Bosi, hiyo imeshaisha," na siku ileile nikanunua mpya. Baada ya wiki tatu gari lilirudia tabia yake ileile. Nitaeleza baadaye kosa lilikuwa wapi. Kwanza inafaa tuelewe kinachotokea ndani ya lile sanduku la plastiki.

Humo mna seli sita zilizounganishwa kwa mfuatano, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi, ndiyo maana betri tunayoiita ya volti 12 husoma 12.6 inapokuwa imejaa. Kila seli ina mabamba ya risasi na mabamba ya oksidi ya risasi yaliyozama katika maji yenye asidi ya salfa, mpango alioubuni Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859 na ambao msingi wake haujabadilika hadi leo. Betri inapotoa umeme, asidi hutoka majini na kushikamana na mabamba yote kwa umbo la salfeti ya risasi; inapochajiwa, salfeti huachana na mabamba na asidi hurudi majini. Safari hiyo ya kwenda na kurudi ni ya kawaida na haina madhara, mradi betri isiachwe ikiwa tupu. Ikikaa hivyo kwa wiki kadhaa, salfeti iliyokuwa laini hugeuka fuwele ngumu zisizokubali tena kuyeyuka, na hapo ndipo hali ya kwanza inapogeuka kuwa ya pili: betri iliyoishiwa chaji inakuwa betri iliyokufa.

Kwa sisi tunaoishi ukanda wa pwani, adui mwingine ni joto. Kadiri joto linavyopanda, ndivyo mifupa ya risasi inayoyashikilia mabamba chanya inavyoliwa kwa kasi zaidi na maji yanavyopungua, na wahandisi hukisia kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 za Selsiasi hupunguza uhai wa betri kwa karibu nusu. Betri inayoshinda kando ya injini katika foleni za Dar es Salaam au Mombasa haiwezi kutarajiwa kuishi sawa na mwenzake wa Njombe. Ajabu ni kwamba joto hilohilo huuficha ugonjwa, kwa kuwa injini yenye joto huzunguka kwa wepesi na oili yake huwa nyepesi, hivyo betri dhaifu hupita bila kugundulika hadi itakapokutana na asubuhi ya kipupwe au safari ya kwenda mlimani. Mwenye gari huona imekufa ghafla, kumbe ilikuwa ikifa tangu kiangazi.

Watu wengi huamini kwamba kinachomaliza betri ni kuwasha gari mara nyingi. Tupige hesabu. Stata ya gari dogo huvuta umeme mwingi, tuseme ampea 150, lakini kwa sekunde mbili tu. Ukizidisha ampea hizo kwa sekunde mbili na kugawanya kwa sekunde 3,600 za saa moja unapata ampea-saa 0.08 (ampea-saa moja ni ampea moja ikitoka kwa saa nzima), yaani karibu si kitu. Sasa tazama gari lililoegeshwa. Saa, king'ora, kumbukumbu ya redio na kompyuta za gari huendelea kunyonya umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni, na kiasi kinachokubalika kwa magari mengi ni kati ya miliampea 20 na 50. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2. Siku moja ya kuegesha hugharimu zaidi ya kuwasha gari mara kumi, na betri ya ampea-saa 45 itapoteza nusu ya chaji yake kwa siku zipatazo 19 bila mtu kuligusa gari. Fundi akiongeza kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya kwenye kioo na king'ora cha pili, vyote vikiungwa moja kwa moja kwenye betri, mnyonyo ukafika miliampea 150, basi siku 19 hugeuka sita. Anayesafiri wiki mbili na kuacha gari nyumbani hurudi na kulaani betri, ilhali aliyestahili lawama ni yule aliyeunga nyaya.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima, na kipimo kinachohitajika ni mita ndogo ya umeme, ile maltimita inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ambayo ni sehemu ndogo sana ya bei ya betri. Ipime betri asubuhi kabla ya kuligusa gari, kwa sababu betri iliyotoka kuchajiwa huonyesha volti za juu zisizo za kweli kwa muda. Ikisoma 12.6 au zaidi imejaa, 12.4 ina robo tatu, 12.2 imebaki nusu, 12.0 imebaki robo. Ikisoma 10.5 au karibu yake na haipandi hata baada ya kuchajiwa, yaelekea seli moja kati ya sita imekufa, na hakuna chaja itakayoifufua. Kipimo cha pili hufanywa wakati mwenzako anapiga stata: volti zikishuka chini ya 9.6 ilhali betri ilikuwa imejaa, betri hiyo imechoka. Kipimo cha tatu hufanywa injini ikiwa inanguruma, na kwa magari mengi mita inapaswa kuonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu kana kwamba injini haijawashwa, alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini ili kuichaji betri, haichaji au mkanda wake unateleza. Ikipita 15, kidhibiti cha alteneta kimeharibika na betri inachemshwa kama chai. Baadhi ya magari mapya hupunguza chaji kwa makusudi ili kuokoa mafuta, kwa hiyo kwa magari hayo volti 13 si lazima ziwe dalili ya ugonjwa.

Masikio nayo husaidia. Mlio wa tik-tik-tik wa haraka huonyesha umeme usiotosha. Mlio mmoja wa "tak" huku taa za mbele zikiendelea kung'aa bila kufifia mara nyingi huonyesha stata yenyewe. Taa zinapozimika kabisa ukigeuza ufunguo, anza kwa kuzitikisa teminali, yaani vibanio vya nyaya kwenye vichwa vya betri, kwa mkono kabla ya kufikiria jambo jingine.

Fundi wa pili niliyempata baada ya zile wiki tatu alifanya jambo ambalo wa kwanza hakulifanya: alitoa mita. Kwenye vichwa vya betri, injini ikinguruma, ilisoma 13.0, kwenye alteneta yenyewe, ikipimwa dhidi ya chuma cha injini, ilisoma 14.3. Volti moja na ushee ilikuwa ikipotelea njiani. Akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini, akaniomba nipige stata, na mita ikapanda kupita volti moja, mahali ambapo haikutakiwa kufika hata nusu. "Mzee, betri yako haina neno," akasema, "tatizo ni ethi." Akainama na kuufungua waya huo wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi, chini ya kisahani cha betri, na chini ya boliti kulikuwa na unga wa kijani mithili ya ukoga wa kisimani. Alikwangua hadi chuma kikang'aa, akapaka grisi, akakaza. Kazi yote haikufika nusu saa. Kwa muda ambao siwezi kuujua, betri zangu zote mbili zilikuwa zikichajiwa nusunusu na kulaumiwa kikamilifu.

Kuna kipimo kingine cha mtaani ambacho nashauri kikataliwe hata kama anayekipendekeza ana nywele nyeupe. Ni kule kuchomoa teminali ya betri injini ikiwa imewaka ili kuona kama gari litazimika. Kwa magari ya zamani ya kabureta jambo hilo lilikuwa na mantiki yake, lakini betri pia hufanya kazi ya kufyonza misukosuko ya umeme kutoka kwenye alteneta, na ukiiondoa ghafla volti huweza kuruka juu mara kadhaa ya kawaida na kuunguza kontroli boksi. Mtu hutafuta kujua kama alteneta ni nzima, akaishia kununua kompyuta ya gari.

Kubusti, yaani kuliwasha gari kwa umeme wa betri ya gari jingine, nako kuna utaratibu. Waya mwekundu hutangulia kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi huanzia kwenye hasi ya betri nzima na ncha yake ya mwisho hufungwa kwenye chuma cha injini ya gari lililokwama, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi ya hidrojeni na cheche ya mwisho ndiyo inayoweza kuilipua. Gari likishawaka usidhani mwendo wa kutoka Ubungo hadi Posta utaijaza betri. Alteneta imeundwa kurudisha kidogo kilichotumika, haikuundwa kujaza betri iliyokauka, na katika foleni, injini ikiwa inazunguka polepole huku kiyoyozi na taa vinafanya kazi, ziada inayobaki ni ndogo. Betri iliyoisha inahitaji chaja ya polepole, kwa kiasi cha takriban sehemu moja ya kumi ya ampea-saa zake, usiku kucha. Ile chaji ya dakika 20 inayofanya betri ichemke hukutoa gereji siku hiyo na kukurudisha wiki ijayo.

Tuseme sasa umepima, umechaji, umekagua nyaya, na betri kweli imekufa. Kununua nyingine kuna mtego mmoja mkubwa, nao ni maandishi yaliyo ubavuni mwake. Magari mengi yanayotembea Tanzania, Kenya na Uganda yametoka Japani, kwa hiyo betri zake hufuata alama za Kijapani, mfano 46B24L. Nambari 46 ni daraja la uwezo na wala si ampea-saa. Betri hiyo huwa na ampea-saa 45 hivi kwa kipimo cha saa 20, yaani ikitoa umeme polepole kwa muda huo, lakini kukaribiana huko ni bahati tu, maana 55D23L hufika 60 kwa kipimo hichohicho. Herufi B huonyesha ukubwa wa ubavu mfupi: B ina upana wa karibu sentimita 13 na D karibu sentimita 17. Nambari 24 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, huonyesha mpangilio wa vichwa, na hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa ukiitazama betri huku vichwa vikiwa upande ulio karibu nawe, ile yenye L ina chanya upande wako wa kulia. Herufi imetokana na mtazamo wa aliyesimama kwenye ubavu mfupi ulio karibu na kichwa chanya. Ukinunua R badala ya L nyaya hazitafika, na fundi mwenye haraka atazivuta kwa nguvu, au atazirefusha, au kwa bahati mbaya zaidi ataigeuza betri na kuunga chanya kwenye hasi, kosa linaloweza kuunguza fyuzi kuu na hata alteneta kwa sekunde moja.

Duka jingine litakuandikia NS60L, ambalo ni jina la zamani la betri ileile ya 46B24L. Ukiona herufi S imeongezwa mwishoni, 46B24LS, maana yake vichwa vyake ni vinene. Tofauti hii ndogo ina madhara makubwa kuliko inavyoonekana. Nimewahi kuona teminali nene iliyovikwa kichwa chembamba na kukazwa kwa kupachika msumari katikati, na mahali pengine kwa kipande cha kopo la soda kilichokunjwa mara tatu. Gari huwaka, mteja huondoka ameridhika, kisha mtikisiko wa barabara hulegeza ule msumari na "betri mpya" huanza kulala. Teminali zisipolingana, dawa ni kubadilisha betri au kununua vishikizo vya risasi vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Magari yanayozima injini yenyewe kwenye mataa na kuiwasha tena yana alama nyingine, kama Q-85 inayotumika katika Mazda nyingi za miaka ya karibuni. Q ni ukubwa uleule wa D23, hivyo 55D23L huingia vizuri kwenye kisahani na bei yake ni nafuu, lakini haikuundwa kuhimili kuwashwa mara kwa mara namna hiyo na itachoka mapema. Ama uinunue betri yenyewe, ama ukubali kuuzima mfumo huo kila unapoingia garini. Magari mengi ya haibridi, yaani yenye injini pamoja na mota ya umeme, kama Toyota Prius za matoleo ya mwanzo, yana betri ndogo ya volti 12 sehemu ya nyuma ndani ya gari, nayo lazima iwe ya aina iliyofungwa yenye mrija wa kutolea gesi nje, kwa sababu abiria wanapumua hewa hiyohiyo.

Watu huuliza kama betri kubwa zaidi itaiua alteneta. Haitaiua. Alteneta hurudisha kilichotumika, na gari halitumii zaidi kwa sababu ghala limepanuka. Kinachozuia ni nafasi: betri ikizidi kimo, kichwa chanya huweza kugusa boneti, na betri isiyofungwa sawasawa kwenye kisahani chake hutikisika hadi mabamba yakamwaga unga chini ya seli. Ile namba kubwa ya ampea za kuwashia kwenye baridi, inayotangazwa kwa maandishi makubwa, hupimwa katika nyuzi 18 chini ya sifuri, hali ambayo Makambako yenyewe haijui. Inafaa kwa kulinganisha afya ya betri kwenye mashine ya kupimia, lakini sioni sababu ya mtu wa Tanga kuilipia zaidi.

Kuhusu betri kavu na betri ya maji, jina la kwanza linapotosha, maana hata hiyo tunayoiita kavu ina asidi ndani yake. Tofauti ni kwamba imefungwa na haihitaji kuongezwa maji. Betri ya maji humfaa anayeikagua. Mara nyingi huuzwa ikiwa tupu na kujazwa asidi mbele yako, jambo ambalo ni faida, kwa kuwa haikuzeeka ikiwa rafuni. Iache itulie nusu saa na uombe ichajiwe kabla ya kufungwa. Baada ya hapo kinachoongezwa ni maji safi yaliyotoneshwa peke yake. Asidi haipungui kwa joto, maji ndiyo yanayopungua, na anayeongeza asidi, au maji ya bomba yenye chumvi, hula mabamba yake mwenyewe. Kwa betri iliyofungwa, tafuta tarehe ya kutengenezwa na uombe ipimwe hapohapo dukani: ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu mno. Tazama pia vichwa vyake. Risasi ni laini, na kichwa kilichowahi kubanwa na teminali huwa na mikwaruzo hata stika ikiwa mpya namna gani.

Siku ya kufunga, hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isizue moto. Ikiwa redio yako ni ile ya Kijapani yenye ramani, uliza kabla ya kuchomoa, kwani nyingi hujifunga zikikosa umeme na kudai kadi au nambari iliyobaki Yokohama.

Betri kuukuu huwa ni risasi kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na ndiyo maana ina mnunuzi. Maduka mengine huipokea na kupunguza bei ya mpya, nami nasihi njia hiyo itumike, kwa sababu tunajua kinachotokea risasi inapoyeyushwa ovyo karibu na watu. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichafua damu za watoto na wakubwa; Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake na ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015 kwa kupigania haki, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Betri yangu ile ya kwanza, ya miaka miwili na nusu, sikuipeleka dukani. Nilimpa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na mkokoteni, akaipima kwa kilo na kunilipa noti chache. Haikuwahi kuwekwa mita hata mara moja.